Nililigonga Tairi la Nyuma

Mwezi uliopita nilipata pancha Mikumi, karibu kabisa na pale barabara ya Kilosa inapokutana na lami kubwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na kwa bahati kibanda cha fundi matairi kilikuwa hatua chache mbele yangu. Fundi, kijana mwenye ovaroli iliyowahi kuwa ya bluu, akafungua buti, akatoa spea, akachomeka geji kwenye valvu. Akaitazama geji, kisha akanitazama mimi.

"Dada, hii spea uliijaza upepo lini?"

Nikamwambia sikumbuki. Ukweli ni kwamba tangu ninunue gari lile sikuwahi kuigusa. Geji ilisoma kumi na mbili, wakati kibandiko cha kwenye mlango wa dereva, alichonionyesha kwa kidole kama anayemfundisha mtoto wa chekechea, kinataka thelathini na tatu. Hakuishia hapo. Akafuta vumbi ubavuni mwa spea, akasoma namba. Matairi manne ya gari langu ni 195/65, ringi kumi na tano. Spea ilikuwa 175/70, ringi kumi na nne.

"Hata upepo ungekuwepo, hii ni ya gari jingine," akasema. "Ungefunga hii, gari lingeinama upande mmoja. Kwani uliponunua hukuangalia?"

Rafiki yangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Si kwa sababu ya yule fundi. Alikuwa na adabu zake na alikuwa anasema kweli. Ni kwamba mimi nilijua kusoma namba za tairi kabla sijajua kuandika barua. Katika watu wote waliokulia wilaya ya Kilosa, mimi ndiye wa mwisho kabisa kustahili kukutwa barabarani na spea isiyo na upepo. Nikakaa kwenye benchi lake, nikafungua chupa ya maji, na kabla sijaimaliza nilikuwa nimesharudi kwenye umri wa miaka kumi na mmoja.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya Kilosa. Bibi alizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge kule Rudewa, yeye na dada yake mkubwa, mabinti wa kibarua aliyekuja kutafuta kazi kutoka mbali na akasahau kurudi kwao. Alfajiri bibi alikaanga vitumbua vya kuuza. Nikilala ndani nilisikia mafuta yanachachatika, halafu mabehewa yanagongana stesheni, halafu bibi anakohoa kwa moshi na kuniita nikachote maji. Nilikula vitumbua vilivyoungua tu, vile visivyouzika, na mpaka leo nikipewa kitumbua kilichoiva vizuri naona kama kimepungukiwa kitu.

Ukuta kwa ukuta nasi aliishi mtu tuliyemwita Dereva, maana mtaa mzima ulikuwa na gari moja na lilikuwa lake. Pikapu nyeupe, kuukuu, ilibeba mpunga, vitunguu, wagonjwa, maharusi na maiti. Baba yake Dereva alikuwa amefanya kazi reli, na kazi yake ilikuwa moja tu: treni ikisimama, anapita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia. Lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Mwanawe akaurithi ule utaratibu, akauhamishia kwenye matairi. Geji hakuwa nayo na hakuitaka. "Geji ni ya mtu asiye na masikio," alikuwa akisema, na mtaa mzima ulicheka kila mara kama ni mara ya kwanza.

Kabla ya safari yoyote, matairi yaligongwa. Tairi lenye upepo wake huirudisha nyundo na kutoa mlio mkavu, mfupi. Lililopungua huimeza nyundo na kusema "dup". Na alianza na spea siku zote. "Haya manne yakikosa upepo utayaona kwa macho," aliniambia. "Spea inajificha. Na kwa kuwa inakaa tu bila kazi, ijaze kupita wenzake kidogo, maana siku utakayoihitaji hutakuwa na pa kuijazia."

Spea ya pikapu ilining'inia uvunguni, nyuma. Dereva alikuwa na mgongo mbovu, kuinama kulimtesa, kwa hiyo kazi ya kuingia uvunguni akanipa mimi. Yeye alikaa kwenye kiti chake, mlango wazi, macho kayafumba, akisikiliza. Mimi nilitambaa na nyundo, nikagonga, nikapiga kelele, "Inalia!" Naye akajibu, "Nimeisikia." Ndipo akawasha gari. Huwezi kujua nilivyojiona. Watoto wengine walisimama pembeni wananitazama, nami nikitoka uvunguni na magoti yenye vumbi nilitembea kama mkaguzi wa elimu.

Ni yeye pia aliyenifundisha zile namba za ubavuni. Ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili ni kimo chake, kwa asilimia ya huo upana. Ya mwisho ni ringi. "Usidanganywe na sura," alisema. "Matairi mawili yanaweza kuonekana ndugu, kumbe kila mmoja na ukoo wake. Ukiyafunga pamoja, gari linachechemea mpaka linakufa." Nilisoma namba za kila gari lililosimama stesheni, na mwalimu wa hesabu alishangaa nimejifunzia wapi asilimia.

Sasa nikwambie nilichofanya.

Nilikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Jumamosi tulitakiwa tukacheze na shule ya Rudewa, na mpira wetu ulikuwa umelegea kama embe bovu. Pampu ya shule ilikuwa imekufa. Alhamisi jioni, wakati Dereva kaenda kunywa chai stesheni, mimi na mwenzangu mmoja tukaingia uvunguni mwa pikapu na kipande cha mpira wa pampu ya baiskeli, upande mmoja tumechomeka sindano ya mpira. Upande mwingine nikaubana kwenye valvu ya spea. Mpira wetu ulijaa, sikatai. Lakini upepo mwingi ulimwagika kwa kelele, nami kwa woga nikawa nabana vibaya zaidi, na tulipotoka spea ilikuwa imelegea. Tulicheka sana. Nikajiambia Jumamosi, baada ya mechi, nitamwambia Dereva nimeigonga nikaona imepungua, ataijaza kwenye gereji ya stesheni, na yataisha.

Ijumaa alfajiri mwenye duka alikuja kubisha. Siku zile simu mtaani ilikuwa moja, na ilikuwa yake. Dada yake bibi alikuwa amefariki usiku ule, Kidodi, alikoolewa na mkulima wa miwa. Angezikwa siku ileile baada ya sala ya Ijumaa.

Bibi hakulia. Alizima jiko, vitumbua vikabaki nusu kwenye kikaango, akaingia ndani. Alitoka na kanga mpya, sabuni, na kipande cha kafuri alichokitunza sandukuni miaka mingi. Wale dada wawili walikuwa wameahidiana tangu usichana wao, kwenye kambi ya mkonge ambako waliona wafu wakioshwa na watu wasiowajua: atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Nilishawasikia wakitaniana juu ya jambo hilo. "Usinimwagie maji ya baridi," dada mtu alikuwa akisema, nao wote wawili wakicheka mpaka machozi. Ilikuwa lazima tufike Kidodi kabla ya saa sita.

Saa moja na nusu Dereva alikuwa ameshaleta gari. Nyuma walipanda majirani kama wanane. Bibi akakaa mbele, furushi lake mapajani. Dereva akafungua mlango wake, akafumba macho. "Haya, mjukuu, gonga."

Nikaingia uvunguni. Niligusa spea kwa nyundo, taratibu. Dup.

Gereji ya stesheni ilikuwa jirani. Kuijaza kungechukua dakika kumi, kumi na tano tukikuta foleni. Nilijua hilo. Nilijua pia kwamba wataniuliza upepo umekwenda wapi, na bibi yuko pale, na majirani wako pale juu yangu, nasikia miguu yao kwenye bodi. Niliona aibu. Ndiyo, aibu tu, wala si jambo kubwa zaidi. Nikiwa bado uvunguni nikanyoosha mkono pembeni, nikaligonga kwa nguvu tairi la nyuma, lile lililofungwa, lililojaa upepo wake.

"Inalia!"

"Nimeisikia," Dereva akasema, akawasha gari.

Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi siku zile ilikuwa vumbi na mashimo mwanzo mwisho. Tulikuwa tumeshapita Ulaya tuliposikia mlipuko, gari likayumba, likasimama. Tairi la nyuma, kushoto. Lilikuwa lilelile nililoligonga. Dereva alishuka bila haraka, akatoa jeki, akalegeza nati, akajipinda na mgongo wake mbovu akaishusha spea mwenyewe. Ilianguka chini ikatulia palepale, haikudunda hata kidogo.

Aliitazama muda mrefu. Akaibonyeza kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, nikitazama vichuguu vya mchwa upande wa pili wa barabara kana kwamba nimeagizwa kuvihesabu.

"Vipi?" bibi akauliza kutoka dirishani.

"Spea haina upepo, mama."

"Si ulipima?"

"Nilipima."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Hakusema mtoto ndiye aliyegonga. Alisema "nilipima", akainamisha kichwa, na mama mmoja kule nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Dereva gani huyu anabeba watu wa msiba na spea kavu?" Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nilikuwa na nafasi karibu saa mbili nzima, maana ndivyo tulivyokaa kabla gari jingine halijapita. Nilikaa chini ya kivuli nikachora chora mchangani.

Gari lililotusaidia lilikuwa pikapu ya mfanyabiashara wa mkaa. Alikuwa na tairi moja la ziada, akatuazima. Dereva akasoma namba zake, akatikisa kichwa. Matundu ya nati yalilingana, saizi haikulingana, lilikuwa dogo. Kulifunga nyuma kungeua difu, zile gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ilimbidi atoe tairi zima la mbele alihamishie nyuma, halafu hilo dogo alifunge mbele. Kazi maradufu, kwenye jua lile, na mgongo ule. Kila alipojinyoosha nilisikia anavyovuta pumzi. Bibi alikuwa ameshuka, anatembea kwenda na kurudi na furushi lake, anaulizia saa kila baada ya dakika mbili.

Tulitambaa kuanzia hapo. Gari lilikuwa limeinama, usukani unavuta upande mmoja, na Dereva hakuthubutu kukimbia. Mikumi tulifika watu wanatoka sala ya Ijumaa. Kuelekea Kidodi tukakwama nyuma ya malori ya miwa, yale yanayodondosha miwa kila shimo, na siku nyingine ningeshangilia kuokota.

Tulipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, suruali zao zina udongo magotini. Uani palikuwa na ndoo mbili zimefunikwa na sehemu ya ardhi iliyolowa. Bibi aliikuta ile ardhi, akasimama hapo. "Nani alimwosha?" akauliza. Wakamtajia mama mmoja wa mtaani, mtu mwema, anayejua kazi hiyo. Bibi akauliza, "Maji yalikuwa ya moto?" Hakuna aliyekumbuka. Akakaa chini palepale kwenye matope, na kafuri yake mkononi, ndipo akalia.

Jumamosi sikwenda Rudewa. Nilisikia tulifungwa.

Mengine yalifuata polepole. Dereva alikuwa mdogo kwa bibi, na kila asubuhi alipopita ukutani kwetu alisema, "Shikamoo mama." Tangu siku ile bibi hakuitikia. Aligeuza vitumbua vyake kana kwamba ni upepo umepita. Wewe unajua uzito wa hilo. Kwetu unaweza kumnyima mtu chumvi, ukamnyima hata maji, lakini marahaba humnyimi mtu aliyekuamkia. Yule mzee wa watu alisimama kidogo, akasubiri, akaenda zake, na kesho yake akarudia. Mimi nilikuwa pale kila asubuhi, naosha vyombo, nimeinamisha kichwa. Baada ya miezi michache akauza pikapu. Mtaa ukabaki bila gari. Wagonjwa wakarudi kubebwa kwa baiskeli. Watu walisema ni aibu ya msiba wa Kidodi iliyomfanya auze, nami niliamini hivyo. Nilipokuwa kidato cha tatu bibi akafariki. Mama yangu alikuja kumwosha, maji ya moto, na mimi nilibeba ndoo. Hata siku ile sikusema.

Fundi wa Mikumi alinitafutia tairi la saizi yake, akalijaza upepo, akanirudishia ufunguo. Nilikuwa naelekea Iringa kikazi. Badala yake nikageuza gari, nikaingia barabara ya Kilosa.

Dereva yupo. Amezeeka sana, anakaa kwenye kiti cha kamba uani kwake, na masikio yake sasa yamekwenda kweli. Nilimwamkia mara tatu ndipo akanitambua. Mkewe alileta togwa. Nikaanza kueleza kwa sauti ya chini, kama mtu anavyoeleza jambo la kuungama, naye akaweka kiganja sikioni mwake, "Eeh? Sema kwa nguvu, mwanangu, sisikii." Basi jambo nililolificha miaka ishirini na sita nikalisema kwa sauti ya mnadani. Wanawake waliokuwa bombani wakaacha kuchota. Mtoto akapanda ukutani kuchungulia.

"Siku ya Kidodi! Upepo wa spea niliutoa mimi! Na asubuhi ile sikugonga spea! Niligonga tairi la nyuma!"

"Rudia," akasema. Nikarudia.

"Uliligonga lililofungwa? Lenye upepo?"

"Ndiyo, Babu!"

"Kwa hiyo ule mlio niliousikia, ulikuwa mlio kweli?"

"Ulikuwa kweli!"

Nilijiandaa kutukanwa. Rafiki yangu, yule mzee alicheka. Alishika mikono ya kiti akajiinua nusu, akamwita mkewe kwa sauti iliyokatika, "Mama! Njoo usikie! Siku ile nilisikia sawa! Nilisikia sawa!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Sijawahi kuona furaha iliyoniumiza kama ile.

Ndipo akaniambia kwa nini aliuza gari. Bibi yangu hakuhusika. "Mama wa watu alikuwa na uchungu wake, nilimwelewa," alisema. "Mimi nililisikia tairi likilia, halafu nikaishusha spea nikakuta haina upepo. Baba aliniambia, sikio likikudanganya mara moja, weka nyundo chini. Usingoje mara ya pili, ya pili inaua watu. Basi nikaweka." Alikuwa na miaka hamsini tu wakati ule. Miaka yote hii amekaa uani akiamini alikuwa kiziwi kabla ya kuwa kiziwi.

Nikapiga magoti kuomba radhi. Akaniwekea mkono kichwani. "Langu limekwisha," alisema. "Nimekusamehe, na tena umenirudishia kitu. Lakini la bibi yako usiniletee mimi, mwanangu. Hilo sina uwezo nalo."

Nilipotoka nilipita mbele ya nyumba yetu. Ina bati jipya na watu wengine. Stesheni kumetulia, treni ya umeme ina njia yake na sijui kama kuna mtu anayegonga gurudumu lolote siku hizi. Niliegesha gari pembeni, nikakaa ndani yake muda mrefu. Nilikuwa nimejidanganya miaka yote kwamba nikimwambia Dereva nitapumua. Bibi aliondoka duniani akiwa amemnunia mtu mwema, na aliyemdanganya ni mtoto aliyekula naye sahani moja kila jioni.